Haki ya Mnyonge: Rudy Galindo Juu ya Barafu, 1996

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii husemwa na wengi na kutimizwa na wachache, wala si kwa sababu watu wamekosa huruma. Huruma wanayo tele. Lililo gumu ni kutambua ya kuwa huruma na haki ni vitu viwili mbalimbali, na ya kuwa mtu aweza kupewa cha kwanza kwa mikono miwili huku akinyimwa cha pili. Katika sanaa jambo hili hutokea mara kwa mara. Msanii aliyepatwa na mateso huliliwa. Habari za maisha yake hurudiwa katika kila baraza. Jina lake hutajwa kwa sauti ya upole. Lakini kazi yake yenyewe haitazamwi, kwa maana watu wamekwisha kupewa machozi, na mwenye machozi haoni vema.

Mfano mmoja ulio bora wa jambo hili haumo katika vitabu, bali umo juu ya barafu. Mwezi wa Januari mwaka 1996, katika mji wa San Jose ulioko California, palifanyika mashindano ya ubingwa wa Marekani katika mchezo wa kuteleza kwa viatu vya chuma. Miongoni mwa wanaume walioshindana alikuwamo Rudy Galindo, mzaliwa wa mji uo huo, mwenye umri wa miaka 26. Katika mashindano ya mwaka uliotangulia alikuwa wa nane. Mbele yake walikuwapo Todd Eldredge, aliyekuwa bingwa mwaka 1990, 1991 na 1995, na Scott Davis, aliyekuwa bingwa mwaka 1993 na 1994. Baada ya sehemu ya kwanza ya mashindano Galindo alikuwa wa tatu, nyuma ya hao wawili. Katika sehemu ya pili aliteleza kwa muda wa dakika nne na nusu, akifuata muziki wa Swan Lake uliotungwa na Tchaikovsky. Alipomaliza, watu walikuwa wamesimama ukumbi mzima. Waamuzi wawili walimpa alama ya 6.0, ambayo wakati ule ilikuwa ukomo wa alama zote. Na ubingwa ukawa wake.

Huo ndio mwili wa tukio. Vazi lililovishwa mwili huo ni refu zaidi, nalo lajulikana na kila aliyepata kusoma habari za mchezo huu. Galindo alitoka katika ukoo wenye asili ya Meksiko, wala hapakuwa na mtu wa asili hiyo kabla yake aliyepata ubingwa wa Marekani katika mchezo huu. Baba yake alikuwa dereva wa malori, na jamaa nzima waliishi katika nyumba ya magurudumu, ya aina ile ikaliwayo Marekani na watu wa mapato madogo. Mchezo wa barafu ni mchezo wa gharama kubwa: viatu vina bei, uwanja una kodi, mwalimu hulipwa kwa saa. Fedha za nyumba hazikutosha watoto wawili, basi dada yake Laura, aliyekuwa mtelezaji pia, aliacha ili ndugu yake aendelee. Galindo aliteleza kwanza pamoja na Kristi Yamaguchi, na wawili hao walikuwa mabingwa wa Marekani katika mchezo wa jozi mwaka 1989 na 1990. Kisha Yamaguchi aliamua kushindana peke yake, na mwaka 1992 akapata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Albertville, nchini Ufaransa. Galindo alibaki bila mwenzi. Mwalimu aliyekuwa akiwafundisha jozi alikuwa amefariki mwaka 1989. Mwaka 1993 baba yake alifariki. Mwaka 1994 kaka yake alifariki kwa UKIMWI. Mwaka 1995 mwalimu wake mwingine akafa kwa ugonjwa uo huo. Baada ya kuwa wa nane aliuacha mchezo kwa miezi kadhaa. Alirudi kwa kuwa mashindano yalikuwa yakija mjini kwao, na mwalimu wake sasa alikuwa Laura, yule dada aliyemwachia nafasi.

Hadithi hii ni ya kweli, na hapana mwenye moyo aisomaye asiguswe. Lakini yafaa kuulizwa: hadithi hii yaeleza nini? Yaeleza kwa nini watu walilia. Haielezi walichokuwa wakikitazama walipolia. Waliofiwa ni wengi duniani, na maskini ni wengi kuliko waliofiwa. Lau msiba na ufukara vingemfundisha mtu kutua kwa mguu mmoja juu ya barafu baada ya kuzunguka hewani mara tatu, mabingwa wangejaa katika kila mtaa wa wanyonge. Msiba haufundishi. Humjaribu aliyekwisha kufundishwa, na mara nyingi humshinda. Kwa hiyo kila msimulizi aanzaye na makaburi na kuishia na nishani, bila kupita katikati, ameruka jambo moja tu, nalo ndilo jambo lenyewe.

Ili jambo hilo lionekane, sharti kwanza ieleweke sanaa hii imeshikwa na sheria gani. Chuma kilicho chini ya kiatu cha mtelezaji hakifanani na kisu kilichonolewa upande mmoja. Kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake umepita mfereji mwembamba. Mtelezaji asimamaye juu ya makali yote mawili kwa pamoja huenda moja kwa moja, wala hana uzuri. Uzuri huanza pale aegemeapo upande mmoja na kuacha mwili wake uchore pinde juu ya barafu. Miruko yote ya mchezo huu hutofautishwa kwa jambo hilo: aliondoka kwa mguu gani, juu ya makali gani, akielekea wapi. Mmoja tu kati yake, uitwao Axel, huanza kwa mtelezaji kuelekea mbele, na kwa kuwa hana budi kutua akielekea nyuma, mruko wake wa mara tatu huwa kwa hakika wa mara tatu na nusu. Mingine yote huanza kwa kurudi nyuma. Lakini yote, ukiwamo Axel, ina mwisho mmoja: kutua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, juu ya makali ya nje, mguu wa pili ukinyoshwa na kifua kikifunguka, na mwili ukiendelea kuteleza kana kwamba hapana lililotokea.

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hatapata shida kuielewa sheria ya namna hiyo. Mshororo wa mizani kumi na sita, wenye kina cha kati na kina cha mwisho, ni uwanja wenye mipaka kama ule wa barafu. Mtunzi ana uhuru wote wa kusema alitakalo, madhali kina kianguke mahali pake. Na sikio la msikilizaji hukingojea kina hicho kabla hakijafika. Kina kikifika kwa nguvu, msikilizaji huona jitihada, na akiisha kuiona jitihada husahau maana. Kikifika chenyewe, kana kwamba lugha nzima iliumbwa ili neno lile likae pale, msikilizaji hupata raha asiyoweza kuieleza. Kutua kwa mtelezaji ni kina chake. Anguko ni guni. Na kutua kwa kuyumba, kwa kushika barafu kwa mkono au kwa kukaza uso, ni kina kilichotafutwa.

Waamuzi wa mwaka 1996 walikuwa tisa, nao walitoa alama mbili: ya kwanza kwa ufundi wa miruko na mizunguko, na ya pili kwa namna kazi nzima ilivyopangwa na kuonyeshwa. Sehemu fupi ya mashindano, yenye mambo yaliyolazimishwa, ilichukua theluthi moja ya uzito. Sehemu ndefu ilichukua theluthi mbili. Kwa hiyo aliyekuwa wa tatu katika sehemu fupi hakuwa amefungiwa mlango, lakini ilimpasa kuwashinda wa mbele yake bila kuacha shaka.

Katika dakika nne na nusu Galindo aliruka miruko minane ya mara tatu, na miongoni mwake mlikuwa na iliyofuatana miwili miwili, ya pili ikianza pale pale ya kwanza ilipotua. Hakuanguka. Hesabu hiyo yatosha kumpa mtu alama ya kwanza, ile ya ufundi. Lakini jambo la kutazamwa katika kazi hii ni mahali pa miruko kuliko hesabu yake. Watelezaji wengi huruka kisha hucheza: hujikusanya, huvuta pumzi, hupita uwanja mzima wakijitayarisha, huruka, kisha hukumbuka ya kuwa kuna muziki. Galindo hakuweka ukuta kati ya mambo haya mawili. Mkono uliopanda pamoja na sauti ndio uliombeba hewani, na mkono ule ule ulimpokea aliposhuka. Mruko ulikuwa neno katika sentensi, haukuwa alama ya mshangao iliyobandikwa mwishoni. Na kadiri muda ulivyokwenda, hatua hazikuzidi kuwa nzito, kama ziwavyo aghalabu pale miguu inapochoka na muziki unapotaka zaidi. Watu walisimama kabla muziki haujaisha. Na mtu asimamaye kabla ya mwisho ameacha kuhesabu.

Hapa ndipo pa kusema jambo lililo kiini cha uhakiki huu. Katika dakika zote zile hapana dalili ya msiba. Mteleza barafu aliyefiwa mara tatu katika miaka mitatu, akicheza mbele ya majirani zake muziki wenye huzuni kuliko miziki yote, angaliweza kulia kwa mwili wake: angaliweza kujishika kifua, kuinamisha kichwa, kuomba kwa mikono. Waliokuwapo wangemwelewa, na pengine wangempenda zaidi. Hakufanya hivyo. Aliufuata muziki na sheria, akaziacha huzuni zake nje ya uwanja mpaka kazi ilipokwisha. Ndipo, akiwa ameketi kando ya dada yake kungojea alama, alipowakumbuka marehemu wake na kuwashukuru. Mpaka huo kati ya kazi na kilio ndio ukuu wake, na ndio ambao wasimulizi wameubomoa. Wao hulichukua kaburi alilolifunika kwa adabu, wakalifukua na kuliweka katikati ya barafu, kisha wakasema ya kuwa ndilo walilolishangilia.

Wala haifuati ya kuwa maisha ya mtu hayamo kabisa katika kazi yake. Yamo, lakini yameingia kwa mlango mwingine. Mchezo huu kwa upande wa wanaume ulikuwa na haya yake. Kwa muda mrefu mwanamume alitakiwa aonyeshe nguvu, kasi na mabega; mikono iliyopindwa taratibu mpaka ncha za vidole ilihesabiwa kuwa mali ya wanawake. Galindo alikuwa na mikono ya namna hiyo tangu mwanzo, na shingo na mgongo wa mcheza baleti. Tena, katika siku zile zile, kitabu cha mwandishi wa habari Christine Brennan kilikuwa kimeeleza waziwazi, kwa maneno ya Galindo mwenyewe, ya kuwa hupenda wanaume wenzake. Hapana bingwa wa Marekani kabla yake aliyeteleza huku jambo hilo likijulikana kwa watu wote. Mtu aliye katika hali hiyo huwekewa njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuificha mikono: kuteleza kama wengine, kuvaa ukali asio nao, na kuwapa watazamaji mwanamume waliyemzoea. Ya pili ni kuipeperusha kama bendera, ili kila mtu ajue ya kuwa haogopi.

Galindo aliteua muziki wa Swan Lake, na uteuzi huo wahitaji kufikiriwa. Baleti hiyo ilichezwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877, na sura yake ijulikanayo leo ilitoka katika mpango mpya wa Petipa na Ivanov huko Saint Petersburg mwaka 1895. Ndani yake mabata-maji ni wanawali waliorogwa, na mwanamume ni mwana wa mfalme awatazamaye na kuwapenda. Sauti iliyo mashuhuri kuliko zote katika muziki huo, ile ya bata-maji mwenyewe, hupigwa kwa ala iliyo ndugu wa zumari yetu, na kwa zaidi ya miaka mia imekuwa sauti ya mwanamke. Miezi miwili tu kabla ya San Jose, mnamo Novemba 1995, Matthew Bourne alionyesha London Swan Lake ambayo mabata-maji wake wote walikuwa wanaume, na watu wakastaajabu sana. Hapana haja ya kudhani ya kuwa mmoja alimfuata mwingine. Yatosha kuona ya kuwa swali lilikuwa hewani: je, uzuri huu waweza kukaa katika mwili wa mwanamume bila kuwa mzaha?

Jawabu la Galindo halikuwa la kuficha wala la kupeperusha. Aliichukua mikono yake jinsi ilivyo, akaiweka juu ya miguu isiyokosea. Huo ndio utungo. Mikono ile peke yake, juu ya miguu ya kuyumbayumba, ingeitwa madaha. Miguu ile peke yake, chini ya mikono mikavu, ingeitwa ufundi. Zilipokutana, kila moja iliitetea nyingine. Mtazamaji asiyeipenda mikono hakuweza kuikanusha, maana ndiyo iliyokuwa ikiuongoza mwili hewani. Na mtazamaji ahesabuye miruko tu alijikuta anatazama ngoma bila kukusudia. Hivyo maisha ya Galindo yaliingia katika kazi yake kwa njia ya mtindo, na mtindo ndio njia pekee ambayo maisha ya msanii yana haki ya kuingilia. Msiba wake wangeweza kusimulia wengine. Mikono yake hapana mwingine aliyekuwa nayo.

Huenda wakatokea wenye kupinga, na hoja zao zastahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ni ya kuwa ukumbi ulikuwa wa nyumbani. Majirani walipiga kelele, na kelele zina nguvu juu ya masikio ya waamuzi. Alama za 6.0 zilikuwa zawadi ya mji kwa mtoto wake. Hoja hii ina ukweli kidogo. Alama itolewayo katika ukumbi uliokwisha kusimama haiwezi kuwa na ubaridi wa mizani ya duka. Lakini mwezi wa Machi mwaka uo huo Galindo alikwenda Edmonton, nchini Kanada, katika mashindano ya dunia, mahali ambapo hakuwa mtoto wa mtu yeyote, akahukumiwa na waamuzi waliotoka nchi mbalimbali. Alipata nishani ya shaba. Wa kwanza alikuwa Todd Eldredge, na wa pili alikuwa Ilia Kulik wa Urusi. Matokeo haya yasema mambo mawili kwa mara moja. Yasema ya kuwa kazi ya Galindo ilisimama hata majirani walipoondolewa. Na yasema ya kuwa mtu aliyemshinda San Jose hakuwa dhaifu, kwa kuwa miezi miwili baadaye mtu huyo alikuwa bingwa wa dunia. Wasimulizi wapendao mnyonge aonekane mkubwa huwa na tabia ya kumpunguza aliyeshindwa. Wakifanya hivyo humwibia mshindi wao wenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya ufundi. Galindo hakuruka mruko wa mara nne. Kurt Browning wa Kanada alikuwa ameuruka katika mashindano ya dunia mwaka 1988, na Elvis Stojko, mwananchi mwenzake, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1994 na 1995 akiwa mashuhuri kwa mruko huo. Kwa hiyo kazi ya San Jose haikuongeza kitu katika hesabu ya yale ambayo mwili wa binadamu waweza kuyafanya juu ya barafu. Hili ni kweli, wala halifichiki. Yafaa kuongezwa ya kuwa kazi ile ina upungufu mwingine ambao mashabiki wake hawautaji: yautegemea mno muziki wake. Tchaikovsky amekwisha kujenga ngazi, na mtelezaji huzipanda kwa utiifu. Pale sauti zinapopaa, naye hupaa. Pale zinapotulia, naye hutulia. Hapana mahali anapobishana na muziki, au anapomshangaza msikilizaji kwa kutua pale sauti isipomngojea. Mtunzi mkubwa zaidi wa ngoma angethubutu kufanya hivyo angalau mara moja. Tena muziki wenyewe umetumiwa na watelezaji wengi mno, hata umekuwa kama kibwagizo kijulikanacho na kila mtoto.

Lakini kuna aina mbili za ukuu, katika ushairi na katika mambo mengine. Kuna mtunzi azushaye bahari mpya, na kuna mtunzi achukuaye bahari ya zamani, ambayo kila malenga amekwisha kuogelea, akaandika ndani yake beti zisizo na guni hata moja, mpaka msomaji akadhani ya kuwa bahari ile ilingojea mkono wake. Galindo ni wa aina ya pili. Hakuongeza mruko; alionyesha mruko ni wa nini. Na katika mwaka ambao mchezo wa wanaume ulikuwa ukikimbilia hesabu ya mizunguko, kuonyesha hivyo halikuwa jambo dogo.

Yaliyofuata ni machache. Baada ya mashindano ya Edmonton Galindo aliuacha mchezo wa mashindano ya ridhaa, akaingia katika maonyesho ya kulipwa. Hakupata kushindana katika Olimpiki. Mwaka 2000 alitangaza ya kuwa ana virusi vya UKIMWI, akaendelea kuteleza, na baadaye akawa mwalimu. Mfumo wa alama za 6.0 nao uliondolewa kufuatia ugomvi wa waamuzi katika Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002, na mahali pake pakawekwa mfumo mwingine wa kujumlisha pointi. Kwa hiyo alama zile mbili alizopewa sasa ni kama sarafu za utawala uliopita: haziwezi tena kununua kitu, wala haziwezi kulinganishwa na fedha za leo. Wanaotaka kuthibitisha ukubwa wa kazi ile kwa kutaja 6.0 wanaegemea ukuta uliokwisha kuvunjwa. Na wanaotaka kuuthibitisha kwa kutaja makaburi wanaegemea ukuta ambao haukuwa wake.

Kilichobaki ni kazi yenyewe, kwa kuwa picha yake ipo. Mwanafunzi wa sanaa atakaye kumpa Galindo haki yake na aitazame mara mbili. Mara ya kwanza haina budi kupotea, maana hadithi itakuwa ikimnong'oneza sikioni, na macho yatamlenga dada, na mama, na ukumbi. Mara ya pili azime sauti, atazame miguu. Ataona chuma kikiegemea makali ya nje, na mwili ukirudi nyuma kwa upinde mrefu, mguu wa pili ukinyooka; ataona mkono ukifunguka polepole baada ya mruko kwisha, kana kwamba mwenye mkono huo hakuwa na haraka ya kwenda popote. Jambo hilo litatokea mara nane. Naye aliyeliona hatakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyekufa.